Mchungaji Aliyefumba Macho

Songea, siku ya pili ya Noeli. Mvua tangu alfajiri, milima ya Matogoro haionekani kabisa.

Tumsifu Yesu Kristo. Naamini umeitikia hapo ulipo, hata kama ni kimoyomoyo. Na wewe ndugu yangu Mwislamu, salaam aleikum, usione nimekusahau. Mmeamkaje? Mafua ya msimu huu yamewapita salama? Watoto wamekula jana wakashiba? Sisi huku Ruhuwiko tu wazima wa mwili, namshukuru Mungu. Mwili hauna shida.

Nyumba imetulia kuliko ilivyo kawaida ya siku kama hii. Watoto wako kwa shangazi yao, wanamaliza maembe ya watu. Mume wangu amepitiwa na usingizi na redio inaongea peke yake. Mama yangu mzazi amekaa barazani anachambua maharage ambayo jana nilishayachambua mimi. Nimemwambia, anaendelea tu. Basi nimechukua simu, nimekaa kwenye kiti cha cherehani, naandika kwa kidole kimoja.

Jana nimemwona mdogo wangu.

Niandike polepole, maana nikiharakisha mtasema Mama Edina amechanganyikiwa.

Mdogo wangu anaitwa Benitho, nyumbani tunamwita Beni. Angalia, nimeandika "anaitwa". Kwetu hakuna aliyeruhusiwa kusema vinginevyo. Alivuka mto Ruvuma kwenda kwenye machimbo ya mawe ya thamani Msumbiji, kama walivyovuka vijana wengi wa huku. Alipiga simu mara chache. Mara ya mwisho aliuliza kama mahindi ya mama yameshapaliliwa, akasema atapiga tena Jumapili. Wakati ule kitindamimba wangu alikuwa ananyonya. Sasa anavaa sare za sekondari, na Jumapili ile haijafika.

Watu walikuja na maneno yao. Mmoja alisema shimo liliwafunika. Mwingine akasema amemwona kwa macho yake, ana mke wa huko na kibanda cha biashara. Hakuna aliyetuletea hata shati.

Baba zetu wadogo kule Namtumbo walikaa kikao, wakaamua tuweke matanga, tulie yaishe. Mama aliwasikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza swali moja tu: "Nani kati yenu amemfumba macho?" Kikao kikafa hapo hapo. Tangu siku hiyo, kila mwezi wa Novemba tunapowaombea marehemu, jina la Beni halitajwi nyumbani kwetu. Kwenye jumuiya mama akiombwa nia yake anasema, "Tuwaombee walio safarini." Majirani wote wanajua anamaanisha nani, wanaitikia wakiangalia chini.

Sasa nije kwenye ghala letu.

Wanaofuatilia blogu hii wanajua kwamba mimi ni mshonaji. Nimeishia darasa la saba. Nashona picha kwa vipande vya vitenge, naziweka ukutani badala ya kitandani. Wageni wakija wanatuita wasanii wa sanaa ya kisasa. Mume wangu anaita "vile viraka vyako". Tuko kikundi cha watu wachache, na tumepata ghala la zamani la tumbaku, tunafanyia kazi humo. Tumbaku ilishaondoka siku nyingi lakini harufu haikuondoka nayo. Mvua ikinyesha kuta zinaanza kuitoa upya, utadhani kuna mzee amekaa mahali anavuta kiko na humwoni.

Mwaka huu Otmar alikuja na wazo. Otmar ni fundi wa dari za jipsamu, na ndiye mchongaji wetu. Akasema kila mwaka makanisani tunajenga pango la Noeli lenye sanamu ndogo ndogo nyeupe, zenye sura za watu tusiowajua. Safari hii tujenge pango ndani ya ghala, sanamu ziwe na kimo cha mtu, na sura ziwe za watu wa Songea hii hii. Mtu aingie, apite katikati yao, amkute jirani yake amepiga magoti.

Wazo likatupendeza wote. Hata Zuhura, ambaye ni mchoraji, Myao wa Tunduru, mtu wa swala tano. Yeye sura za watu hachori na hatumlazimishi. Alisema, "Mimi nitawapa anga na milima. Watu wenu mtaumba wenyewe mjibu wenyewe." Akachora Matogoro usiku kwenye magunia yaliyoungwa, ukuta mzima, na nyota moja ya bati juu yake.

Kazi yenyewe inafanyika hivi. Mtu analala kwenye mkeka. Anapakwa mafuta ya mgando usoni, hasa kwenye nyusi. Anawekewa mirija miwili puani apumue. Halafu anamwagiwa jipsamu laini uso mzima, anatulia mpaka igande. Ikitolewa, ndiyo kalibu. Ndani ya kalibu unashindilia rojo, yaani karatasi zilizolowekwa zikatwangwa na uji wa muhogo, na likikauka unabandua uso wa yule mtu kama alivyo. Mwili tunausuka kwa waya na mabua, na nguo nashona mimi.

Ila kuna jambo moja. Huwezi kumwagiwa jipsamu ukiwa umefumbua macho. Kwa hiyo kila uso unatoka umefumba. Otmar ndiye anayewafungua, kwa kisu kidogo, halafu anachora jicho kwa rangi. Kazi hiyo huwa anaiacha mpaka mwisho, na akiifanya hataki mtu aongee naye.

Yosefu alipatikana haraka, ni mzee mmoja anayeuza spea za baiskeli karibu na soko. Maria ni muuza nyanya. Wachungaji wakapatikana wawili, wa tatu akaahidi akaingia mitini. Muda ulikuwa umekwisha. Otmar akafungua boksi la makalibu ya zamani ambalo hakuna aliyeligusa miaka mingi, akachagua moja lililokuwa zima, akashindilia rojo. Hakuuliza ni la nani. Halikuwa na jina, na boksi lilikuwepo kabla yeye hajajiunga na sisi.

Ilikuwa wiki ya mwisho ya Majilio, mchana, mvua inanyesha kama leo. Nilikwenda na futi yangu kumpima mchungaji shingo, nimshonee kofia ya joho. Walikuwa wamemfunika nailoni. Nikaifunua.

Mdomo ulikuwa umevutwa upande mmoja, kama mtu aliyesikia jambo la kuchekesha kanisani anajizuia.

Nilikaa chini kwenye saruji.

Siku kalibu la uso ule lilipotengenezwa nilikuwepo. Alikuja mwalimu kutufundisha, akauliza nani wa kwanza kulala kwenye mkeka, sisi wote tukawa tunaangalia viatu vyetu. Beni hakuwa msanii. Alikuwa ameniletea mwavuli tu. Akasema, "Mnaogopa unga wa dari?" akavua shati akalala. Walipomwekea mirija puani akaanza kutetemeka kwa kicheko, mwalimu anamkemea, naye anazidi. Kalibu likatoka na mdomo umepinda. Mwalimu akasema limeharibika, wekeni pembeni. Beni akaamka na nyusi nyeupe akaniambia, "Dada, sasa nimejua utakavyokuwa ukizeeka, maana tunafanana." Akachukua mwavuli ule ule akaondoka nao. Nikarudi nyumbani nimelowa.

Wakati wa mvua rojo halikauki vizuri, linatoa jasho. Paji la uso lilikuwa na matone. Nikajikuta nayafuta kwa pembe ya khanga, taratibu, kama unavyomfuta mgonjwa. Nikasema, "Beni, habari za huko?" Kisha nikageuka kuangalia kama kuna aliyenisikia.

Hakuna aliyenisikia. Nilivyogeuka tena, mdomo ulikuwa vile vile.

Otmar aliporudi nikamweleza. Akakaa juu ya ndoo. "Dada, naapa sikujua. Nilimchagua kwa sababu ana mdomo mzuri. Wengine wote wamenuna."

Zuhura akasema, "Si mlisema mnataka watu wa Songea? Mmempata."

"Zuhura, huu siyo wakati wake."

"Sicheki, Otmar. Natetemeka, ndiyo maana naongea."

Wakaniuliza nataka nini. Avunjwe? Nani amvunje, na kwa nyundo gani? Basi ageuzwe aangalie ukuta? Hapana, hajafanya kosa lolote. Otmar akaniuliza lile swali lililokuwa limebaki: "Nimfungue macho kama wenzake?"

Ukimfungua, umesema yuko hai. Ukimwacha amefumba, umesema lile ambalo mama amelikataa miaka yote. Ni kisu kidogo tu, kinakaa kwenye boksi moja na penseli. Nikamwambia subiri.

Nikamshonea kofia pana kuliko za wenzake, nikaivuta mpaka puani.

Mama alifika kutoka Namtumbo kabla ya mkesha, na kuku mmoja, mfuko wa maharage na galoni la togwa. Tangu alipoweka mizigo chini nilikuwa mtu wa kukwepa. Nilikuwa nikienda ghalani nasema naenda kununua uzi. Ninaungama hapa hapa kwamba nilikuwa naenda kumsalimia. Nilisogea pembeni ya kofia nikamwambia mama amekuja, mguu wake umepata nafuu, mahindi ameshapanda. Nilijua ni karatasi na uji wa muhogo. Nilijua vizuri, maana muhogo ule nilimenya mimi. Lakini nikitoka mlangoni nilikuwa natoka kinyumenyume.

Na nyumbani vilianza vijambo. Napiga pasi, nasikia harufu ya tumbaku kwenye nguo za watoto. Nafunga rozari yangu kwenye kitambaa, nahisi kuna mtu anajizuia kucheka nyuma yangu. Nikamwomba Mungu, Baba, kama ni mawazo yangu yaondoe, na kama siyo mawazo yangu, basi nambie anataka nini.

Pango likafunguliwa asubuhi ya mkesha. Watu wakamiminika, wengi wao walikuja kutafuta sura zao. Yule mzee wa spea alisimama mbele ya Yosefu na msururu mrefu wa wajukuu nyuma yake, akasema, "Kijana, kazi nzuri, ila pua umeniongezea." Mkewe akamjibu bila kumtazama, "Hajaongeza kitu. Ni yako hiyo, sisi tumeshaizoea." Ghala zima likacheka. Nami nikacheka, huku jicho langu liko kwenye ile kofia.

Nilipanga mama asifike pale. Nilipanga misa, pilau, wageni, mvua, ajichokee alale. Lakini jana baada ya misa akina mama wa jumuiya wakamzunguka kumsalimia, shikamoo huku, marahaba huku, na mmoja wao akasema, "Mama, hujaenda kuona pango la kina Mama Edina? Kuna mchungaji mmoja pale amelala zake, wenzake wamemwona malaika yeye anacheka usingizini!"

Mama akacheka sana. Hachekagi hivyo. Akanishika mkono: "Haya, nipeleke nikamwone huyo mvivu."

Ningesema nini? Nimewahi lini kumdanganya mama yangu akaamini? Tulitembea chini ya mwavuli mmoja, naye anatembea mbele kidogo, mtu mwenye mguu mbovu, kama anaitwa.

Ndani kulikuwa na watu. Mama alimsalimia mzee wa spea, akapiga ishara ya msalaba mbele ya Mtoto, akasifia khanga ya Maria. Kisha akaja kwa wachungaji. Wa kwanza. Wa pili. Kwa wa tatu akainama kuchungulia chini ya kofia, bado ana tabasamu la utani midomoni.

Tabasamu halikuondoka ghafla. Liliondoka kama maji yanavyoingia mchangani.

Akaitoa ile kofia, akanipa niishike. Akamshika kidevu. Akampapasa shavu, akateremka mpaka kwenye pembe ya mdomo iliyovutwa, akakaa na kidole pale. Akampapasa sikio.

"Masikio haya siyo yake."

Otmar alikuwa amesimama nyuma yetu, mikono ameiweka kifuani kama mtoto wa komunyo. "Ni kazi yangu, mama. Kalibu halichukui masikio. Shikamoo, mama."

"Marahaba." Hakumtazama. "Kwa nini amefumba macho?"

Otmar akamweleza yote, mkeka, mirija, boksi. Akamwambia kila mtu anatoka amefumba, yeye ndiye anayewafungua.

"Hawa wengine umewafungua?"

"Ndiyo, mama."

"Na huyu?"

Otmar akaniangalia. Nikasema, "Nilimzuia mimi, mama."

Mama akamwangalia tena yule mchungaji. Kisha akasema, "Mfungue."

Zuhura ndiye aliyetuokoa. Alianza kuwasukuma watu nje kwa viganja, kama anayeswaga kuku. "Jamani, tokeni kidogo, kuna kazi ya ufundi." Mmoja akalalamika kwamba wametoka mbali kuja kuangalia pango. "Mtaliangalia baadaye, mtoto amezaliwa leo, haendi popote." Akafunga mlango, akabaki ameuegemea kwa mgongo.

Otmar akaenda kuchukua kisu. Mama akakaa kwenye kreti. Nilitamani kumshika bega lakini sikuthubutu, alikuwa amekaa kama watu wanavyokaa hospitali wakisubiri jina liitwe. Kisu kilipita kwenye kope ya kwanza, vumbi la karatasi likadondoka kwenye joho nililoshona. Kikapita ya pili. Halafu rangi nyeupe, halafu nyeusi. Otmar alifanya kazi nzuri, sitamsingizia. Yalikuwa macho mazuri, maangavu, yamefumbuka kabisa.

Akajitoa pembeni.

Mama akasimama. Akasogea mbele yake, karibu, wapumue hewa moja.

"Benitho."

Alimwita kwa jina la ubatizo. Mvua ilikuwa inapiga bati, na nilikuwa nimeshaanza kusali bila kujua nasali nini.

"Benitho."

Akahamia kushoto kidogo. Akahamia kulia. Alikuwa anatafuta mahali ambapo macho yale yatamkuta. Hayakumkuta. Yalipita juu ya bega lake yakaenda kwenye nyota ya bati ya Zuhura, mahali ambapo Otmar amewaelekeza wachungaji wote.

"Hanioni," akasema. Hakulisema kwa kilio. Alilisema kama mtu aliyeonja chungu akakuta chakula hakijaiva.

Halafu akamwambia Otmar, "Nipe hilo rojo lako."

Otmar akaleta ndoo. Mama akachota kidogo, akalilainisha katikati ya vidole, akaliweka kwenye jicho la kulia. Akalivuta kwa kidole gumba kutoka kwenye nyusi kushuka chini, taratibu. Kisha la kushoto. Nilishawahi kuiona mikono yake ikifanya hivyo, siku baba alipotutoka. Akaviacha vidole gumba viwili pale juu ya kope, akakandamiza, akashikilia. Mtu akishafariki huwezi kumfumba ukaondoa mkono papo hapo. Unashikilia, ili yasifumbuke tena.

Alishikilia.

Zuhura kule mlangoni akasema, "Inna lillahi," kwa sauti ya chini, akaja akanishika kiuno.

Mama akanawa mikono kwenye ndoo ya maji. Akachukua kofia mikononi mwangu, akamvalisha mwanawe, lakini safari hii hakuivuta usoni. Akapiga ishara ya msalaba. Akamwambia Zuhura, "Wafungulie watu, mwanangu. Wanalowa, na leo ni sikukuu."

Jioni tulisali rozari kama kawaida. Tulipofika kuwaombea marehemu, mama ndiye aliyetaja majina. Akamtaja baba. Akamtaja mama yake mzazi. Akamtaja babu. Kisha akamtaja Benitho, hapo hapo katikati yao, bila kubadili sauti. Mume wangu ndiye pekee aliyeweza kuitikia.

Hiyo ndiyo jana.

Leo asubuhi niliruka madimbwi nikaenda ghalani kabla ya watu. Otmar alikuwepo. Akaniuliza kwa adabu kama alainishe zile kope, maana zimetoka nene na alama za vidole gumba vya mama zimebaki, mistari yote inaonekana. Nikamwambia asiziguse. Wakati huo rojo lilikuwa limeanza kukauka. Kila anayeingia pale sasa anauliza mbona huyu amelala, na Zuhura anawajibu, "Alitembea sana."

Mngedhani nina amani. Nina nafuu, sikatai. Miaka yote hii nilikuwa nimebeba pumzi ambayo siruhusiwi kuitoa, na jana imetoka. Lakini tangu nimeamka kuna swali linanitafuna, na siwezi kumwambia mama, siwezi kumwambia padre, nakwambia wewe.

Je, kama yu hai?

Kama yuko mahali fulani ng'ambo ya mto, ana mke wa huko na kibanda, amekaa anakula Noeli yake, je, jana mchana hakuhisi kitu kwenye macho? Hakuyasugua?

Nimelifuta hilo swali mara nyingi kabla sijaliacha hapo. Nimeliacha kwa sababu nilisema humu nitaandika ukweli.

Harufu ya tumbaku bado ipo kwenye nguo nilizovaa. Ila ile hali ya mtu kujizuia kucheka nyuma yangu haijarudi tangu jana, na ninachokiogopa kuliko vyote ni kwamba nimeanza kuisikilizia. Asubuhi niliwasha pasi nikasimama nayo tu. Nilikuwa nasubiri.

Pango litabomolewa baada ya Epifania. Sanamu nyingine zina mahali pa kwenda, Yosefu ameombwa na yule mzee wa spea akakae dukani kwake, kati ya minyororo na tairi. Otmar amesema mchungaji wa tatu ni wa kwetu, tuamue. Baba mdogo amepiga simu kutoka Namtumbo, habari zimeshafika, anasema tumlete tumzike kando ya baba, watu wakae matanga kama inavyotakiwa. Mume wangu anasema huwezi kuzika karatasi. Mama hajasema. Hajalia pia, na hilo linanitisha. Aliniuliza tu asubuhi, "Pango linabomolewa lini?" Nikamjibu. Akavuta ungo wa maharage akaanza kuchambua.

Hapa ninapoandika namwona kupitia dirishani. Maharage yameisha, ameyamwaga tena kwenye ungo, anaanza upya. Kwenye kucha za vidole gumba bado kuna weupe kidogo wa lile rojo. Amenawa mara kadhaa tangu jana, nimemwona. Hapo kwenye kucha hasugui.

Basi mpendwa, mimi nimemaliza yangu. Kama kwenu mliwahi kumlilia mtu bila kumwona, niandikie hapo chini mlifanya nini, mlizika kitu gani, na kama mlipata usingizi baadaye. Usiogope kwamba ni refu, nitasoma lote, na mama nitamsomea. Nakuomba unijibu mapema, kabla pango halijabomolewa.